Mtihani wa vipaji kwa mtoto wa chekechea: nimwandae au nimwache aende hivyo hivyo?

Mama Tumaini (Texas)

Habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Marekani na watoto wa shule za msingi. Mlioko nyumbani pia karibuni, maana najua na huko mambo ni yale yale kwa jina jingine.

Binti yetu yuko chekechea, ametimiza miaka mitano mwezi wa saba. Juzi begi limerudi na karatasi kwamba watoto wote wa chekechea watafanya mtihani unaoitwa CogAT, ili wapatikane wa kuingia programu ya vipaji. Hakuna pa kusaini, hakuna pa kulipia, ni taarifa tu. Nikaibandika kwenye friji nikaendelea na maharage yangu.

Kesho yake kwenye kituo cha basi la shule, mama mmoja tunayesalimiana kila siku ananiuliza, "Ninyi mnatumia kitabu gani?" Nikadhani anauliza hadithi za kumsomea mtoto kabla ya kulala. Kumbe mwanawe tangu likizo ya kiangazi anafanya mazoezi ya mtihani huu kila jioni, na Jumamosi anapelekwa kwenye darasa la kulipia. Akanionyesha kitabu kwenye simu: mishale, pembetatu ndani ya duara, "kipi kinafuata?" Mimi mwenyewe kurasa chache tu mbele nilikuwa naotea.

Jioni nikamweleza baba yake. Yeye ni zao la Ilboru, sekondari ya serikali ya vipaji maalumu, na mtu akitaja vipaji mbele yake lazima mabega yapande kidogo, nimeshazoea. Msimamo wake ni kwamba kipaji hakipigiwi tuisheni. Mtoto akiwa nacho kitaonekana, akiwa hana tumshukuru Mungu kwa afya. Nikamkumbusha kwamba na yeye darasa la saba alikuwa anabaki shule mpaka giza linaingia, yeye na mwalimu wa hesabu na ubao, kwa hiyo hicho kipaji kilipata uji wake vilevile. Akajibu kuwa ile ni tofauti: alikuwa mkubwa, anajua anachokitafuta, na mtihani ulikuwa wa yale waliyofundishwa. Hapo, kusema ukweli, ana hoja.

Kinachonikaba ni hiki. Nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Mtoto anahesabu na bibi yake wa Moshi kwenye video mpaka mia bila kuteleza, lakini kwa Kiswahili. Shuleni wamemweka kwenye kundi la kusaidiwa Kiingereza, na mwalimu kila tukikutana ananiambia ni "mpole sana". Mpole! Huyu ambaye nyumbani hapumui kwa maswali? Jana ameniuliza, bibi akilala kule Moshi, jua analituma huku au huwa linakuja lenyewe. Naogopa watapima ukimya wake wadhani ndiyo akili yake.

Upande wa pili, sitaki ajue kabisa kwamba anapimwa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo nafasi ya darasani ilitangazwa mezani mbele ya wageni, na paja la kuku lilikwenda kwa aliyeshika namba nzuri. Nina dada yangu ambaye mpaka leo hali paja.

Basi niambieni. Nikimwandaa ni kumsaidia, au ni kumfundisha kuiba mtihani angali hajui hata mtihani ni nini?

Kaka wa Minneapolis

Mwandae dada, acha falsafa. Mtoto wa jirani anaandaliwa, wako anakwenda na baraka za bibi wa Moshi. Nafasi zikijaa hakuna atakayekuuliza ulikuwa na msimamo gani. Kitabu dola thelathini, kaa naye, mambo yaishe. Na shemeji mwambie Ilboru hawakuwa wanaingia kwa kuonekana, walikuwa wanaingia kwa kufaulu.

Baba Mapacha (Bronx)

Mama Tumaini, mimi nitakupa ya New York, uone mbio hizi zinakoelekea zikiachiwa.

Hapa tangu 2008 jiji zima lilikuwa na mtihani mmoja wa vipaji, na waliokuwa wanaufanya ni kuanzia watoto wa miaka minne. Mtoto anaingizwa chumbani na mtu mzima ambaye hajawahi kumwona, mzazi anabaki nje. Ukitaka programu ya karibu na kwako, ilibidi afike asilimia 90, yaani awe sawa au juu ya watoto 90 katika kila 100 wa umri wake. Kwa zile shule chache za jiji zima zinazogombaniwa, angalau 97. Biashara ya kuandaa watoto ikashamiri: vitabu, kambi, walimu wa saa. Waliofikia alama wakawa wengi kuliko viti. Jiji likaona dawa ni kubadilisha sehemu ya mtihani, wakaleta NNAT, ule wa maumbo matupu usio na maneno, kwa walioingia 2013, wakiamini huo kuuandalia ni vigumu zaidi. Vitabu vyake navyo havikuchelewa kufika dukani. Mwaka huo huo ikagundulika usahihishaji ulikuwa na makosa, na karibu watoto 2,700 walikuwa wameambiwa hawajafuzu kumbe wamefuzu. Fikiria mzazi aliyekwisha kumnunia mtoto wa miaka minne.

Sasa yangu. Wanangu mapacha walifanya wote, wiki moja, kifungua kinywa kimoja. Mmoja akapata 98, mwenzake 88. Nyumba moja, tumbo moja, tofauti ni kwamba mmoja aliamka na mafua. Wa 98 alikuwa na haki ya kutafutiwa nafasi, mwenzake hakuwa nayo. Mimi na mama yao tukakataa kuwatenganisha, wakaenda wote shule ya mtaani. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba shangazi yao alipokuja kututembelea alizitaja zile namba sebuleni, nao wako wanacheza pale chini. Leo wako darasa la nane, na wakigombana kuhusu chaja ya simu, 98 na 88 bado zinatajwa.

Mtihani wenyewe wa watoto wadogo hapa uliondolewa 2021. Baada ya hapo ikawa mwalimu wa shule ya awali anapendekeza, halafu inapigwa bahati nasibu. Nayo ina kelele zake, hiyo siku nyingine.

Ushauri wangu ni mmoja: chochote utakachoamua, matokeo yakija yasome ukiwa chooni.

Mwalimu Rukia (Texas)

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote, na nimecheka hapo kwenye jua la bibi.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili Tanga kwa muda mrefu kabla ya kuja huku. Sasa ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi, na kila mwaka mitihani ya wadogo ikifika huwa naingia chumbani kusaidia kusimamia. Maswali yenyewe siwezi kuyasema na sitayasema. Aina za maswali lakini si siri, waliotunga mtihani wameziweka wazi, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho.

CogAT ina sehemu tatu: ya maneno, ya idadi na ya maumbo. Kwa wadogo karibu yote ni picha. Hakuna kusoma, na hakuna saa inayowakimbiza. Mwalimu anasoma maelekezo, wote wanajibu, wanakwenda swali la pili pamoja. Kuna treni mbili za kuchorwa, mtoto atafute kipi kiongezwe ili zote zibebe idadi sawa. Kuna nyuzi za shanga zinazopanda na kushuka, aone uzi unaofuata utakuwa na ngapi. Kuna karatasi inakunjwa, inatobolewa, halafu anaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi.

Hapo kwenye karatasi ndipo ninapowaonea huruma watoto wetu. Kuna mtoto mmoja, wazazi wake ni Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Kijana ana kichwa chepesi, kwenye chakula cha mchana ndiye anayegawa zabibu za meza nzima bila mtu kulalamika. Alipofika kwenye picha ya karatasi na tundu alikaa anaitazama tu. Baadaye kabisa, mtihani umeshapita, tukiwa tunapanga karatasi za mwalimu, nikatumia panchi mbele yake. Alishtuka! Akaomba atoboe yeye, akakunja, akatoboa, akakunjua, akaangalia dirishani kupitia matundu. Kwa dakika kumi hakuna aliyemtoa pale. Wiki ya mtihani hakuwa ameshindwa kufikiri. Hakuwa amewahi kuona karatasi ikitobolewa, na lile swali lilichukulia kwamba ameona.

Wapo wengine wanaotia kivuli viduara vyote, kwa sababu picha zote ni nzuri na hawataki kubagua. Wapo, na hawa ni wetu kabisa, ambao kabla ya kugusa jibu wananitazama usoni. Nyumbani wamefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu anasubiri mkubwa aitikie. Mimi siruhusiwi kuitikia hata kwa jicho. Basi mtoto anasubiri, swali linapita, linakuja lingine, anasubiri tena. Binti yako "mpole" nina wasiwasi ni wa kundi hili.

Kwa hiyo mwanangu, ndiyo, mwandae. Lakini mwandae kwa mtihani ulivyo, usimwandae kwa majibu. Hakuna wizi hapo. Waliotunga mtihani wenyewe wametengeneza mazoezi ya kuwaonyesha watoto maswali yanavyokaa, nayo hupewa shule, si wazazi. Kesho muulize mwalimu wake: darasa litafanya mazoezi hayo kabla ya siku yenyewe? Lini? Akisema ndiyo, sehemu kubwa ya kazi yako imekwisha.

Nyumbani fanya kwa Kiswahili, maana kufikiri hakuna viza. Mkunjie chapati. Ikunje mara moja, ang'ate kwenye mkunjo, kabla ya kuifungua muulize: tundu litakuwa wapi, na mangapi? Afungue aone, ni moja, katikati. Chukua nyingine, ikunje, ang'ate ukingoni upande usio na mkunjo. Sasa yako mapengo mawili. Kisha ikunje mara mbili, iwe robo, umwone anavyohangaika. Mwage maharage, kunde na choroko kwenye sinia, ongeza kifungo cha shati, muulize yupi si mwenzao na *kwa nini*. Hiyo kwa nini usiiruke, ndiyo kazi yenyewe. Akikwambia kunde ndiyo si mwenzao kwa sababu ina jicho jeusi, mpe haki yake, halafu muulize kama kuna jibu jingine. Sahani mbili za korosho, moja ina tano, nyingine tatu, nisogeze ngapi ziwe sawa? Mguu una kiatu, kichwa kina nini? Haya unayafanya ukiwa unapika, hajui kama anaandaliwa wala huna haja ya kumwambia.

Kwa Kiingereza mfundishe maneno ya maelekezo tu: sawa, tofauti, kinachofuata, mstari, safu, chagua kimoja. Mwonyeshe kutia kivuli kiduara kimoja na kuacha vingine, na kama shule yenu inatumia tableti, avae hedifoni siku moja mbili azizoee. Umwambie kwa kinywa chako, mama yake, kwamba siku hiyo mwalimu hatamwitikia na si kwamba amekasirika. Achague anachoona yeye. Asipojua, achague hivyo hivyo, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama. Jioni chache, dakika kumi kumi, mkiwa mnacheka. Akichoka, funga.

Hilo darasa la Jumamosi mimi siliafiki, na si kwa sababu ya bei tu. Walioandaliwa kupita kiasi nawajua mara wanapokaa. Swali halijaisha kusomwa mkono umeshafika kwenye jibu, "hili nalijua." Kisha linakuja lililofanana na la kitabuni kwa nje tu, ndani limegeuzwa, na mtoto anaganda. Mmoja alilia mpaka akatapika, na jambo la kwanza alilouliza ni kama mama yake ataambiwa. Hela hiyo mpeleke binti akajifunze kuogelea.

Na alama zenyewe kwa umri huu si jiwe. David Lohman, profesa ambaye ni mmoja wa watunzi wa CogAT, yeye na mwenzake waliandika mwaka 2006 kuhusu watoto wanaokaa juu kabisa mwaka huu na mwaka unaofuata hawapo tena pale juu. Si wachache, ni wengi. Sasa kama mwenye mtihani anasema hivyo, sisi wengine tunatangaza namba sebuleni kwa kiburi gani? Baba Mapacha, mafua yale yalikuwa na kazi yake kweli.

Ila usije ukamsikiliza baba Tumaini ukakaa tu ukisubiri kipaji kionekane. Kionekane na nani? Kule Florida kulikuwa na wilaya moja kubwa ya shule ambako ili mtoto apimwe ilibidi kwanza mwalimu au mzazi amtaje. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima wote wa darasa la pili, bila kungoja kutajwa. David Card na Laura Giuliano, wachumi waliofuatilia takwimu hizo na kuzichapisha 2016, walikuta watoto weusi, wa Kilatino na wa familia maskini walioingia programu wameongezeka sana. Walikuwepo siku zote, hakuna aliyewataja. Wewe bahati yako wilaya yenu inawapima wote.

Hapa Texas kanuni ziko upande wako kuliko unavyodhani. Mwongozo wa jimbo unataka vigezo visivyopungua vitatu, si mtihani mmoja. Unataka mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa au kwa kipimo kisichotegemea maneno. Na kila wilaya lazima iwe na utaratibu wa mzazi kukata rufaa. Yote haya bure.

Mkazi wa Mbezi (Dar es Salaam)

Kumbe Wazungu nao! Nilidhani ni sisi tu.

Huku jamani shule za kulipia zina intavyuu ya darasa la kwanza, nyingine hata ya kuingia chekechea. Mwanangu alikuwa hajafikisha miaka sita, anaulizwa aandike herufi mpaka mwisho, asome sentensi za Kiingereza, ajumlishe. Na sisi wazazi tunaketi nje kwenye viti vya plastiki tunaangaliana kama tuliokuja kutoa ushahidi. Mtaani kwetu kuna dada ana banda la nyavu, kazi yake ni hiyo tu, kunoa watoto kwa intavyuu, na anajua shule ipi inauliza nini. Anajaza.

Tofauti ninayoiona: huko mnapima kufikiri, huku tunapima alichofundishwa na shule aliyotoka. Kwa hiyo huku kumwandaa hakuna mjadala, usipomwandaa umemtuma vitani na rula. Shule za serikali za vipaji maalumu, Ilboru hiyo ya shemeji, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato, angalau zinasubiri mtoto amalize darasa la saba. Shemeji hapo ana haki, akili ya miaka mitano na ya miaka kumi na tatu hazipimwi kwa fimbo moja.

Ila Mwalimu Rukia umeniharibia chapati za leo. Wanangu wote wawili wako mezani wanatoboa.

Kaka wa Minneapolis

Narudi. Mwalimu, nimekuelewa kuhusu Jumamosi. Lakini mbona tunaongea kama vile kuingia ni jambo dogo? Akiingia si maisha yamebadilika?

Mwalimu Rukia (Texas)

Kaka, hapana. Jason Grissom na Christopher Redding, watafiti wa elimu, walifuatilia watoto wa chekechea hadi darasa la tano nchi nzima, wakachapisha 2021. Walioingia programu hizi walipanda kidogo kwenye kusoma, kwenye hesabu kupanda kwenyewe kulikuwa kudogo hata kuliko huko, na weusi na wa kipato cha chini faida ilikuwa ndogo kuliko ya wengine. Shule nyingi "programu" yenyewe ni kutolewa darasani saa chache kwa wiki mkatengeneze daraja la vijiti. Jambo zuri, mtoto anafurahi, anakutana na wenzake wa aina yake. Lakini si la kumfanya mtu atapike.

Zipo shule chache ambazo programu ni shule nzima, na huko tofauti inaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo Mama Tumaini aulize kwanza: akifuzu, Jumatatu yake itabadilika vipi? Nimeona wazazi waliogombea mwaka mzima bila kuuliza hilo.

Mama Tumaini (Texas)

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Kwenye karatasi na panchi alinyamaza, halafu akasema kijijini kwao karatasi yenyewe ilikuwa ya kugawana. Chapati amekubali kuzisimamia yeye. Amekula tatu za majaribio.

Nimemwandikia mwalimu barua pepe. Amejibu kwamba mazoezi ya darasa yapo, siku mbili kabla. Na nimeuliza hilo la Jumatatu: ni saa moja na nusu, mara moja kwa wiki, mpaka darasa la tano. Nilipoona hivyo mabega yalishuka.

Mwalimu Rukia, mawili tu yamebaki. Ile sehemu ya maneno, kuna mahali anasomewa sentensi kwa Kiingereza achague picha. Hiyo itamwangusha? Na yule mama wa kituoni, nimwambie nini? Kila asubuhi ananiuliza tumefika ukurasa wa ngapi.

Mwalimu Rukia (Texas)

Ya sentensi: hicho ni kipande kimoja tu kati ya vitatu vya sehemu ya maneno, viwili vilivyobaki ni picha kwa picha. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kinaweza kuachwa na alama ya maneno ikakokotolewa bila hicho. Mtihani wenyewe umeruhusu. Lakini ni lazima mtu aamue kabla ya siku ya mtihani, kwa hiyo mwandikie mwalimu wa kundi lake la Kiingereza wiki hii na umwekee nakala mratibu wa programu ya vipaji. Andika, usiongee tu mlangoni.

Matokeo yakitoka, usipokee neno "hakufuzu" peke yake. Omba alama za sehemu zote tatu, kila moja mbali. Wastani wa watoto wa umri wake ni 100. Ukikuta maumbo na idadi ziko juu na maneno yako chini kabisa, hiyo ni picha ya mtoto wa lugha mbili, na ndiyo karatasi ya kubeba kwenye rufaa. Wilaya nyingi pia humpima tena mtoto madarasa ya mbele.

Halafu yale maswali yake. Kuanzia leo yaandike, la jua la bibi liwe la kwanza, kwa Kiswahili alivyolisema na Kiingereza chini yake, na tarehe. Mwalimu wake hana masikio ya Kiswahili, hawezi kujua kinachosemwa jikoni kwako. Shule huwa na fomu ya mzazi kueleza mtoto wake, mara nyingi inahesabika kwenye vile vigezo vitatu, na wazazi wetu wengi wanairudisha imeandikwa "she is a good girl" basi. Wewe ijaze hadi pembeni. Iulizie ofisini kesho, na uulize mwisho wake lini, kwani mara nyingi fomu hufungwa kabla ya mtihani wenyewe.

Yule mama mwambie mko kwenye chapati.